Mkituacha, tuachieni na funguo

Juzi usiku nimejibiwa na kampuni iliyotengeneza kirauta changu cha mkononi, kile kidogo unaweka laini unatembea nacho kwenye mkoba. Mistari mitatu tu. Kifaa kimefika mwisho wa maisha yake, apdeti hazitoki tena, na faili la kukiflashi, yaani kukiwekea mfumo wake upya, hawawapi wateja. Kampuni siitaji jina, sijaja hapa kumwanika mtu, ila hilo neno mwisho wa maisha limenikaa kooni siku ya tatu leo. Maisha ya nani yameisha? Betri inashika, taa zinawaka, laini kinaisoma vizuri. Shida ni kwamba kila baada ya kama nusu saa kinadondosha wifi mpaka ukizime ukiwashe, na fundi wangu wa pale mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ameshakifungua akapima kila kitu akaniambia, "Dada, chuma kizima hiki. Ugonjwa uko kwenye sofwea, na sofwea wameifunga, mi sina pa kuingilia."

Nikamweleza binamu yangu anayefanya kazi za kompyuta, akasema ndo teknolojia hiyo dada, nunua kingine. Jibu lake limeniuma kuliko la kampuni, kwa sababu kampuni angalau inatetea mfuko wake, yeye anatetea nini? Tumeshazoeshwa kuona ni kawaida kitu ulichokilipia kwa hela yako kikafa kwa sababu mtu mmoja ofisini kaamua.

Sasa mi kwenye haya mambo nina kipimo changu, na kipimo changu ni Nokia. Sio ya tochi, hiyo kila nyumba ina hadithi yake. Nazungumzia vile vitableti vyao vya intaneti, 770, N800, N810 na mwisho N900. Mitaani kwetu hukukutana navyo hovyo. Mimi N800 niliishika mara ya kwanza mwaka 2008 tuko chuo, rafiki yangu karudi nayo kutoka masomoni Finland. Haikuwa simu, haina hata pa kuweka laini, inakula wifi tu au unaiunganisha na simu yako kwa bluetooth. Lakini skrini nukta 800 kwa 480, enzi hizo simu yangu kioo chake kilikuwa kama stempu ya barua! Unafungua ukurasa mzima wa mtandao kama uko kwenye kompyuta, na ndani ni Linux kweli kweli, ule mfumo huria wa kompyuta, Nokia toleo lao waliliita Maemo, imetokana na Debian ambayo ni aina mojawapo ya Linux, unafungua terminal unaandika amri zako na kifaa kinatii. Nilikaa nayo kibarazani pale hosteli mpaka giza likaingia. Sijawahi kusahau ile hisia ya kushika kitu kidogo hivyo ambacho hakikufichi kitu. Ndo maana nakuja nayo hapa, kwa sababu Nokia walifanya vizuri kuliko karibu wote ninaowajua kwenye vifaa vya watu wachache, halafu bado wakawaacha watu wao njiani, na ukiangalia pale walipokosea ndo utaelewa ninachokidai.

770 iliingia sokoni Novemba 2005. Januari 2007 wakatoa N800 na mfumo mpya, OS2007, na wenye 770 wakaambiwa mfumo huo si wenu. Mwaka na miezi miwili! Sababu ilikuwepo, siwezi kusema haikuwepo, 770 ilikuwa na RAM ya megabaiti 64 tu na N800 ilikuwa na 128, na prosesa zilikuwa tofauti. Sawa. Lakini angalia kilichofuata: wahandisi wale wale wa Maemo wakatengeneza toleo la pembeni la huo mfumo kwa ajili ya 770, wakaliita Hacker Edition, wakasema wazi halina dhamana wala msaada, likizingua ni wewe na kifaa chako, ila chukueni. Na OS2008 ilipokuja wakafanya hivyo tena. Hii sehemu inanigusa mpaka leo. Mtu kakaa akafikiria wale watu waliokiamini kifaa cha kwanza kabisa, kifaa ambacho hakuna aliyejua kitauza au hakitauza, akaona haiwezekani waondoke mikono mitupu.

Wenye N800 walipata OS2008 rasmi bila shida, hilo nawapa sifa yao. Na toleo lake lililoitwa Diablo mwaka 2008 likaondoa ule usumbufu wa kila mfumo mpya uflashi upya usakinishe programu zako zote kuanzia moja, apdeti zikawa zinakuja kwa mtandao tu. Kwa hiyo walikuwa wanajua kutunza watu, usiniambie walikuwa hawajui.

Halafu ikaja Novemba 2009, N900 na Maemo 5, na N800 na N810 zikaachwa nje. N810 ilikuwa na miaka miwili. Kuna hata N810 ya WiMAX, yaani ya intaneti ya mawimbi ya masafa marefu, ile masikini ilitoka 2008 na Januari 2009 wakasitisha kuitengeneza. Wenyewe Nokia walikuwa wanasema N900 ni hatua ya nne kati ya tano, yaani safari nzima ilipangwa kwa hatua na kila kifaa ni ngazi ya kupandia kwenda kinachofuata. Vizuri kuwa na mpango, ila ngazi hizo zilikuwa zimenunuliwa na watu, N810 ilianza kwa dola 479. Mtu kaweka akiba miezi, kakinunua kwa sababu kakipenda, na yeye haelewi kwamba amenunua hatua ya tatu.

Na N900 yenyewe ndo ilipigwa vibaya zaidi. Februari 2010, miezi mitatu tu iko sokoni, Nokia na Intel wakatangaza MeeGo, mfumo mpya wa pamoja, kwa hiyo Maemo ikawa haina kesho. Watu wakauliza basi N900 itapata MeeGo? Mwaka huo huo ikajulikana kwamba rasmi kwa mtumiaji wa kawaida haipati, litakuwepo toleo la madeveloper tu. Apdeti kubwa ya mwisho, PR1.3, ikatoka Oktoba 2010, kifaa hakijafikisha hata mwaka. Februari 2011 Nokia wakaenda kwa Microsoft na Windows Phone, na hiyo hatua ya tano, N9, ikaja kuzaliwa mwaka huo huo nyumba ikiwa imeshauzwa. Mi mambo ya nani bosi na nani alimshauri nani sitayaingia, yameandikwa sana.

Hapa sasa naomba mnisikilize, hili ndo langu. Mi sidai apdeti za milele. Kifaa kilichonunuliwa na watu wachache hakiwezi kulisha wahandisi hamsini miaka kumi, naelewa hesabu hiyo, na nikilazimishwa nitakubali hata ile miaka miwili. Ninachodai ni kwamba siku unayoamua kuondoka, uache funguo. Nokia mlango waliuacha wazi nusu. Sehemu kubwa ya Maemo ilikuwa wazi, mtu yeyote anaweza kusoma na kurekebisha, na watu walifanya hivyo, baada ya PR1.3 watumiaji wenyewe walijipanga wakaendelea kutoa masahihisho ya N900 kwa miaka. Hela hawalipwi, jioni baada ya kazi zao. Lakini vile vipande vichache vilivyofungwa, jamani, vilikuwa pale pale kwenye roho ya kifaa. Kwenye N900 kuna programu inaitwa BME, yenyewe ndo inasimamia betri na kuchaji, na msimbo wake Nokia hawakuuachia. Kwa hiyo ukitaka kuweka mfumo mwingine kwenye kifaa chako ulichokilipia, kila kitu unaweza kukiandika upya ila kuchaji betri ndo mtihani. Kuchaji! Watu ikabidi wachunguze kipande kwa kipande mpaka wakaandika draiva zao wenyewe, zile programu zinazoendesha vipande vya ndani. Draiva ya picha nayo ilifungwa. Na kwenye N800 na N810 ni hivyo hivyo, prosesa yake ilikuwa na kiongeza kasi cha picha humo humo ndani, umeshakilipia, kimekaa, na draiva yake Nokia hawakuitoa kabisa, kikalala mpaka kifaa kikazeeka.

Najua baadhi ya hivyo vipande vilikuwa vya kampuni nyingine, mikataba, leseni, mawakili. Nawasikia. Ila mkataba huwa unaandikwa kabla kifaa hakijauzwa, na mtu aliyekaa kwenye ile meza angeweza kusema tunaomba na kifungu cha siku tutakapoacha. Hakuna aliyekisema, kwa sababu mnunuzi hakuwepo mezani.

Halafu angalia tofauti inayoletwa na hata ile nusu ya mlango. Leo hii kuna mradi unaitwa Maemo Leste, umejengwa juu ya Devuan, ndugu yake Debian, unaweka mfumo wa kisasa kwenye N900, kifaa cha 2009. postmarketOS, mfumo mwingine wa Linux wa simu, nayo inakubali N900. Mimi yangu nilinunua iliyotumika 2012, betri yake ni BL-5J, ile ile ya 5230 na baadaye Lumia 520, kwa hiyo Kariakoo unaipata na unaibadilisha kwa kucha, huhitaji hata fundi. Kampuni iliyotengeneza hicho kitu iliuza kitengo chake chote cha simu kwa Microsoft, dili likakamilika 2014, na kifaa bado kina watu wanaokishughulikia. Kirauta changu kampuni yake ipo hai, inauza vipya, na hakuna binadamu nje ya ofisi zao anayeweza kurekebisha hata herufi moja.

Na hii sio hasira ya mtu mwenye vifaa vingi. Kirauta hicho kinatumiwa na mimi, mdogo wangu anayesoma chuo kwa masafa, na mama wa duka la jirani anayepokea oda zake za vitenge humo. Watu watatu wanategemea hako kadude. Nikinunua kingine leo nitafunga mkanda, wao je? Na hicho kipya mwisho wa maisha yake uko lini, mbona kwenye boksi hawaandiki? Maziwa yanaandikwa tarehe, dawa inaandikwa tarehe.

Nimewaandikia tena jana. Sijaomba apdeti wala kurudishiwa hela, nimeomba faili moja la kuflashi na ruhusa ya kuingiza lisilo lao, hata kwa masharti ya Hacker Edition, bila dhamana, kikifa ni changu. Leo asubuhi nimepitia kwa fundi, akasema, "Niachie hapa dada, kuna jamaa yangu Kampala anazijua hizi, nitamuuliza." Nimemwachia na chaja yake.