Dripu ya mjomba

Saa tano usiku, mwezi wa nne, mvua ya masika haijakatika tangu jioni. Tumempeleka mjomba katika hospitali moja hapa Moshi. Ana kizunguzungu, ametapika mara mbili. Presha nzuri, mapigo mazuri. Daktari kijana akatutazama ndugu wanne tuliomzingira, akauliza tunatoka wapi. Kibosho, tukasema, juu kabisa. Akaandika alazwe, mjomba akatundikiwa dripu. Pale mapokezi tukamwacha mama mmoja kwenye machela, anahema kwa shida, anasubiri kitanda. Asubuhi mjomba akaruhusiwa.

Alistahili kulazwa?

Kipimo cha swali hili kipo. Mwaka 1981 Wamarekani wawili, Gertman na Restuccia, walitoa vigezo vya kulazwa, ambavyo mkaguzi anavilinganisha na faili la mgonjwa bila kujali jina la ugonjwa. Mapigo ya moyo chini ya 50 au zaidi ya 140 kwa dakika, kupoteza fahamu ghafla, na vingine vya namna hiyo. Kimoja tu kikitimia, kulazwa kumekubalika. Hapo nawapa heko: daktari wa usiku hahukumiwi kwa majibu yaliyotoka kesho yake.

Ila katika orodha hiyohiyo kuna dawa au maji ya mshipani. Dripu! Basi mjomba amepita, tena kwa maji ambayo angeweza kuyanywa kwa kikombe, yakiwa na pakiti ya ORS. Na sisi tunajijua: mgonjwa akirudi nyumbani bila chupa kutundikwa, tunasema hakutibiwa. (Shangazi alikuwa ameshaanza kufoka.) Kigezo hicho, kikiletwa kwetu jinsi kilivyo, kitapima ukali wa ndugu kuliko ukali wa ugonjwa.

Sababu yenyewe ya kumlaza, yaani kuogopa kumpandisha mzee mwenye kizunguzungu kwenye bodaboda, usiku, njia yote tope, haimo katika faili. Mimi ningependa daktari aruhusiwe kuiandika hivyo hivyo: amelazwa kwa ajili ya njia. Hospitali ingehesabu vitanda vinavyoliwa na njia, pengine ikatenga chumba chenye magodoro kwa watu wa aina ya mjomba, na yule mama angetoka kwenye machela mapema.

Mjomba hana habari na haya. Akisimulia, anaanzia kwenye chupa: "Waliniwekea mbili."