Makombo ya kantini: tumfundishe mlaji au mwenye upawa?

Chakula kikimwagwa sana kwenye vyuo vya Moshi na Arusha, dawa inayopendekezwa mara nyingi ni semina na mabango ukutani. Haikosi mashiko. Makadirio ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 ikitoka majumbani na asilimia 28 kwenye huduma za chakula kama migahawa na kantini. Mwanachuo yumo kote kuwili: mchana kantini, usiku anapika geto, yaani chumba alichopanga.

Geto ndiko elimu inakolipa. Kwenye soko la Mbuyuni mjini Moshi au la Kilombero mjini Arusha fungu kubwa la nyanya huwa na bei nafuu, lakini mtu mmoja asiye na friji halimalizi. Wanunue watatu wagawane. Nyanya zisiachwe kwenye mfuko uliofungwa, maana unyevu hubaki humo na moja iliyopasuka huozesha wenzake. Zitandazwe, kikonyo kikiwa chini, zilizoiva zaidi zipikwe kwanza. Wali ndio wa kuangalia zaidi. Mchele una bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukilala vuguvugu kwenye sufuria, bakteria hao huzaliana na kuacha sumu isiyoondoka hata ukiupasha asubuhi. Kwa hiyo pima kabla ya kupika: gramu 100 hivi za mchele mkavu humtosha mtu mmoja.

Kantini ni habari nyingine, kwa sababu mlaji hashiki upawa. Chukulia walaji 400, kila mmoja abakize gramu 60 za wali, kama vijiko vitatu vinne tu. Ni kilo 24 za wali, yaani kilo 8 hadi 10 za mchele kwa mlo mmoja. Bango gani litapunguza hicho kama mpakuaji anajaza sahani zote sawasawa, ya mwenye njaa na ya aliyetoka kunywa chai na chapati saa tano?

Mwenye kantini naye ana hoja. Sahani ikionekana imepungua, wateja watasema wanapunjwa na kuhamia kwa mama ntilie nje ya geti. Na nusu sahani kwa nusu bei ni hasara kwake: gesi, mkaa na mshahara wa mpishi havigawanyiki kwa mbili. Kinachowezekana ni upawa mdogo kidogo kwa bei ileile, na ruhusa ya kuongezewa wali au ugali bure (siyo nyama!). Atakayerudi kuongezewa atakula anachoongezewa.

Kabla ya kumlaumu yeyote, pimeni. Wekeni ndoo tatu kwa siku tano: ya maganda ya maandalizi, ya kilichobaki sufuriani, na ya sahani. Toeni uzito wa ndoo tupu, mifupa na maji visiingie, kisha gawanyeni kwa idadi ya sahani zilizouzwa. Ndoo ya sufuria ikiwa nzito kuliko ya sahani, semina ya wanafunzi haina kazi; mpishi ndiye aliyekisia vibaya, pengine kwa kupikia Ijumaa idadi ileile ya Jumatatu wakati watu wameshapanda magari kwenda nyumbani. Msipime wiki ya bumu (fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi) peke yake. Fedha hiyo huja kwa mkupuo, na ikiingia wengi hukimbilia chipsi mayai. Ikikata, sahani zinarudi safi bila kufundishwa na mtu.

Wapo watakaosema huku Kilimanjaro hakuna kinachopotea, makombo huenda kwa nguruwe. Ni kweli, ila huko ni kumlisha nguruwe mchele wa bei ya binadamu wakati pumba zipo. Tena makombo yenye mabaki ya nguruwe yanaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba. Lazima yachemke nusu saa huku yakikorogwa, na kuni za kuyachemshia nazo hununuliwa.