Nguzo za msingi Mbeya: nani aweke sahihi?

Maghorofa na madaraja ya Nyanda za Juu Kusini yanapohitaji msingi wa nguzo ndefu, zile paili za mafundi wetu, ugomvi wa kwanza huwa ni huu: dhamana ya usanifu wake ni ya nani? Ya mhandisi mshauri aliyechora jengo zima, au ya mkandarasi wa paili anayekuja na mtambo wake? Pande zote zina hoja nzito. Mimi nina upande, lakini tuanze na ule nisiokubaliana nao.

Wanaotaka mkandarasi asanifu wanasema uwezo wa nguzo hauamuliwi na kipenyo na urefu peke yake. Namna ya kuchimba nayo inaamua. Chukua mashimo mawili ya upana mmoja, kiwanja kimoja, wakati wa mvua za Januari. La kwanza linamwagwa zege siku ile ile. La pili linalala wazi usiku kucha, kuta zinalainika, matope yanatulia chini, na asubuhi zege linamwagwa juu yake. Kwenye mchoro nguzo hizo ni pacha, kwenye kubeba mzigo haziko sawa hata kidogo. Mkandarasi ndiye anayejua pa kushusha bomba la chuma la kushikilia kuta na pa kutumia bentonaiti, ule udongo laini unaochanganywa na maji kuzuia kuta za shimo zisiporomoke. Basi apewe mizigo tu, asanifu mwenyewe, apime, na nguzo ikishindwa alipe. Mwenye mradi naye anapata mtu mmoja wa kumdai.

Kwa kiwanja chenye mwamba karibu, kama vilima vingi vya Iringa, ningeikubali hoja hiyo bila shida. Mbeya ni habari nyingine.

Huku tunajenga chini ya Ngozi na Rungwe, volkano zilizomwaga majivu na pamisi, yale mawe mepesi ya volkano, kwa maelfu ya miaka, tabaka juu ya tabaka. Mtambo unaweza kukutana na tabaka gumu kwenye mita kumi, watu wakashangilia, kumbe chini yake pamelala pamisi iliyolegea. Chembe za pamisi zina matundu, na zikikandamizwa husagika. Kipimo cha ugumu wa udongo tunachokitegemea ni cha nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka sentimita 76, ukihesabu mapigo ya kuzamisha kifaa sentimita 30. Kanuni nyingi za kugeuza mapigo hayo kuwa uwezo wa udongo zilitokana na mchanga wa kawaida, wenye chembe ngumu. Kuzihamishia kwenye pamisi bila kujiuliza ni hatari.

Na jaribio la kupakia uzito haliondoi hatari hiyo. Nguzo moja ikipakiwa mara moja na nusu au mara mbili ya mzigo wake, mkandamizo unaishia karibu na ncha. Nguzo 20 zilizofungwa pamoja juu kwa zege hukandamiza udongo kwa umoja wao, hadi kina kikubwa zaidi, na tabaka ambalo jaribio halikuligusa linaanza kutitia. Mkandarasi atakuwa na cheti safi kwa kila nguzo, na jengo litainama. Isitoshe, tuko kwenye Bonde la Ufa, na tetemeko la Rukwa la 1910 lilifikia ukubwa wa takriban 7.4. Ardhi ikisukuma vichwa vya nguzo kwa ubavu, nguvu hizo zinatokana na jengo lote, na anayelijua jengo lote ni mhandisi mshauri.

Tusidhani ni shida ya nchi maskini. Millennium Tower ya San Francisco, ghorofa 58, ilikamilika 2009 juu ya nguzo zilizoishia kwenye mchanga, hazikufika mwambani. Kufikia 2016 ilikuwa imetitia takriban sentimita 40 na kuinama. Zikaja kesi, huyu akimtupia yule, na ujenzi wa jirani nao ukatajwa.

Kwa hiyo sahihi ya usanifu iwe ya mhandisi mshauri, na ya uchimbaji iwe ya mkandarasi. Ninachokiogopa zaidi ni ile hali ya katikati. Ripoti ya udongo inaandika "inapendekezwa mita 15". Mchoro wa mshauri unaandika "urefu utathibitishwa na mkandarasi". Mkandarasi naye anaandika "kwa mujibu wa ripoti ya udongo". Karatasi zote tatu zina mihuri, lakini hakuna hata moja inayosema mtu fulani amesanifu nguzo hizi.

Washauri watanijibu, na kwa haki, kwamba wanabebeshwa dhamana wakati mwenye mradi amelipia mashimo mawili mafupi ya kupima udongo. Ni kweli, na hapo mshauri akatae kusaini. Mtambo ukishasafirishwa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, kila siku unaosimama ni fedha, na hakuna atakayethubutu kusema turudi tukachimbe shimo lingine la uchunguzi. Mashimo hayo yachimbwe kabla ya zabuni, yapite kina cha ncha za nguzo hadi chini ya eneo ambalo kundi zima litalikandamiza, na mkataba utaje kwa jina mhandisi aliyesajiliwa anayesanifu nguzo, pamoja na mwenye mamlaka ya kubadili urefu saiti udongo ukija tofauti na ripoti.