Shaba, Gadolini na Mkia wa Nitroksidi

Kipimo cha DEER hukadiria umbali kati ya elektroni mbili zisizo na wenza zilizopachikwa kwenye protini, kwa kupima jinsi usumaku wa kila moja unavyoiathiri nyingine. Athari hiyo hufifia haraka: kwa nanomita 3 ni takribani megahezi 2, ilhali kwa nanomita 6 haifiki hata robo ya megahezi. Kwa miaka mingi elektroni hiyo imebebwa na nitroksidi, lebo ndogo inayofungwa kwenye sisteini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Sasa lebo za metali zinaidai nafasi hiyo.

Lawama kubwa dhidi ya nitroksidi ni mkia wake, yaani mnyororo unaoiunganisha na protini. Una vifungo vitano vinavyozunguka, kwa hiyo umbali unaopatikana hutawanyika, na mtafiti hubaki akijiuliza kama iliyocheza ni protini au ni lebo. Mwaka 2015, maabara ya Sunil Saxena katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, ilionyesha njia ya kuukata mkia huo: histidini mbili (nazo ni asidi amino), zikipishana kwa nafasi nne kwenye heliksi, sehemu ya protini iliyojisokota kama springi, huikamata ioni ya shaba kama koleo. Mtawanyiko ukapungua mara kadhaa. Kwangu mimi hili ndilo wazo bora kuliko yote katika uwanja huu, ingawa lina gharama yake: kila lebo inadai mabadiliko mawili kwenye protini badala ya moja, na shaba isiyokamatwa vizuri huelea kwenye sampuli na kuharibu mawimbi.

Gadolini, metali ya pili, ina hoja nyingine kabisa. Ndani ya seli hai nitroksidi huzimwa na kemikali za seli zenyewe, lakini gadolini, ikiwa imefungiwa katika kizimba cha DOTA, molekuli inayoishika ioni ya metali (kilekile kinachotumika katika baadhi ya dawa za kung'arisha picha za MRI hospitalini), hustahimili. Daniella Goldfarb wa Taasisi ya Weizmann, Israel, ameitumia hivyo kwa mafanikio. Hata hivyo, inahitaji mashine ya takribani gigahezi 95 na ubaridi wa kelvini 10 hivi, mkia unarudi palepale, na kina cha mawimbi, yaani sehemu ya ishara inayobeba habari ya umbali, mara nyingi ni asilimia chache tu.

Kwa protini iliyosafishwa na kutiwa kwenye mrija, basi, sioni sababu ya kuanza na gadolini. Ningeanza na nitroksidi, kisha niiite shaba pale tu swali linapohusu msogeo mdogo kuliko urefu wa mkia wenyewe.