Ufafanuzi wa Mjomba wa Morogoro

Kwa kuwa katibu mwenezi wetu ameamua kuifanya kazi yake kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha katika kueneza sera za chama, na kwa kuwa tangu Jumapili asubuhi siwezi kupita kijiwe cha bodaboda bila mtu kuniuliza kama yeye ana sifa za kuoa, nimeona ni heri niyaeleze mwenyewe yaliyotokea Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba 2024, ili walau uongo uondolewe na ibaki ile aibu iliyo ya kweli. Mwenezi anasema nilikula pilau ya watu. Sikula. Hapakuwa na pilau; palikuwa na bajeti ya pilau, na bajeti hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mnajua hali ilivyokuwa wiki ile. Uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa ulianza tarehe 11 na ulikuwa unafungwa kesho yake, tarehe 20, nasi wa kata tulikuwa tumeshinda juani nyumba kwa nyumba, tukiwaeleza watu kwamba kuwa na kadi ya Daftari la Kudumu si sawa na kuandikishwa katika orodha ya mtaa. Mzee mmoja alinionyesha kadi yake siku tatu mfululizo, na kila mara alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsaidia mtoto mgumu wa kuelewa. Fomu za wagombea zilikuwa zinaanza kutolewa tarehe 26, kwa hiyo matawi yalitakiwa kukaa upesi na kujadili majina. Kata ikaniteua mimi kwenda kusimamia kikao cha tawi moja la hapa Chang'ombe, Dodoma, ambalo sikumfahamu mjumbe wake hata mmoja, na sababu ya kuniteua ilikuwa hiyo hiyo: sina ndugu wala mkwe pale, kwa hiyo nitatenda haki.

Chama chenyewe sitakitaja. Kimeomba hivyo.

Maelekezo niliyopewa yalikuwa mafupi: kikao ni cha ndani, watu wasivae sare, mahali ni uwanja wa nyuma wa mgahawa mmoja, chini ya mwarobaini, saa kumi alasiri. Uwanja ule una miarobaini miwili. Ninarudia kwa faida ya mwenezi, ambaye katika simulizi yake mti wa pili hautaji kabisa: miwili, mmoja kila upande, na katikati pana ukuta wa makuti.

Nilifika saa kumi na nusu, simu imezimika, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa kumi ukiwa umenipaka vumbi hadi kwenye nyusi. Kijana aliyekaa mlangoni na daftari aliniuliza, "Shikamoo. Wewe ndiye wa kutoka Morogoro?" Sasa, mimi watu wa kata wananiita "wa Morogoro" tangu nilipohamia hapa mwaka 2019 kuuza mabati na saruji, baada ya Serikali kuhamia na kila mtu kuanza kujenga. Nikajibu kwamba ndiye mimi. Kijana akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniongoza hadi kiti cha mbele, kiti pekee kilichokuwa na mto. Nikawasalimu "Mbukwenyi!" kwa lafudhi yangu ya Uluguru, wakaitikia kwa shangwe na vigelegele viwili. Nikawaza moyoni kwamba hili ndilo tawi lenye nidhamu kuliko yote katika wilaya.

Naomba msome kwa utulivu yaliyosemwa pale kabla sijasimama, kisha mniambie kama ninyi mngetambua. Mwenyekiti alisema Novemba si mbali na upande wa pili wamekwisha kujipanga vizuri kuliko sisi. Alisema kijana wetu anafahamika, amekulia mtaa huu huu, na tusikubali kudhalilishwa siku yenyewe. Mweka hazina akalalamika kwamba wapo wajumbe waliochukua kadi ishirini ishirini tangu Agosti na hawajarudisha hata shilingi moja. Ndugu zangu, hayo ni maneno ya kikao cha chama neno kwa neno. Malalamiko ya kadi nimeyasikia katika kila tawi nililowahi kukanyaga. Mzee aliyekaa kushoto kwangu akaninong'oneza, akimwonyesha kwa kidevu kijana mmoja mtanashati aliyejikunyata pembeni, kwamba huyo wamemtoa mbali, kwa maana alikuwa kwa wale wa Kizota miaka mitatu, wakamzungusha weee, mwishowe akaondoka. Nikaandika kwenye daftari langu: *Amehamia. Achunguzwe.*

Ndipo akasimama mama mmoja wa makamo, akavaa miwani, akasoma taarifa ya chakula na usafiri: mchele kilo 150, mbuzi 8, soda kreti 40, na kosta mbili za kuwachukua watu majumbani kwao siku yenyewe na kuwarudisha.

Damu ilinipanda. Sisi wa Dodoma tunaishi na Bunge kama jirani wa ukuta mmoja, kwa hiyo mtu hapa hasimami kwenye kikao chochote, hata cha kugawana zamu za maji, bila kusema yale maneno. Nikasimama, nikapandisha suruali, nikasema, "Mwongozo wa Mwenyekiti!"

Mwenyekiti akanipa nafasi kwa heshima ambayo, nikiikumbuka sasa, ilipaswa kunitia wasiwasi. Alisema, "Mjomba azungumze." Nilidhani ananiita mjomba kama tunavyoitana sote.

Nikawaambia kwamba nimesikitishwa sana. Nikawaambia kwamba takrima, ule ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, kwamba mbuzi wanane hawawezi kuitwa ukarimu mbele ya sheria, kwamba kumbeba mtu kwa kosta na kumshibisha pilau ili aje akuunge mkono ni rushwa, na kwamba nikitoka hapa sitaona taabu kwenda TAKUKURU, kwa wale wa kupambana na rushwa. Nililitaja jina la TAKUKURU mara mbili. Mama wa taarifa ya chakula akavua miwani taratibu, akakaa, akaanza kujipepea kwa bajeti.

Hapo ningeweza kunyamaza na yote yakaisha kama mzaha wa mgeni mkali. Lakini wajumbe walikuwa wananisikiliza kwa makini mno, baadhi wameinamisha vichwa, na mimi sijawahi kusikilizwa hivyo katika maisha yangu, hata nyumbani. Nikamgeukia yule kijana mtanashati. Nikasema, "Simama, kijana, tukuhakiki mbele ya wajumbe."

Akasimama.

Nilikuwa nimezikariri sifa za mgombea kutoka kwenye kanuni za uchaguzi, nikaanza nazo moja baada ya nyingine. Nikamuuliza kama ametimiza miaka 21. Akajibu, kwa sauti ndogo, kwamba ana 31. Nikamuuliza kama anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Akajibu anajua vyote viwili, mjomba. Nikamuuliza kama ni mkazi wa kudumu wa hapa au ni wale wanaoonekana msimu ukifika na kutoweka mambo yakiharibika, na mzee wa kushoto akaguna kwa kuridhika. Kisha nikauliza lile swali. Nikasema, kwa utaratibu, nikitenga kila neno: "Je, una shughuli halali inayokuingizia kipato?"

Kimya kilichofuata ningeweza kukikata kwa kisu na kuwagawia. Upepo uliangusha majani mawili matatu ya mwarobaini juu ya meza kuu. Kijana akafungua mdomo, akaufunga. Kutoka nyuma kabisa, bibi mmoja mwenye khanga kichwani akasema kwa sauti iliyosikika uwanja mzima, "Eheee! Hapo sasa! Maana sisi tukiuliza tunaambiwa ni mambo ya mtandaoni."

Kijana akasema kwamba biashara ipo ila bado haijachanganya. Nikamwambia kanuni haizungumzii kuchanganya. Nikamuuliza sasa nani amemdhamini, nikimaanisha, kama mnavyojua, kwamba hakuna kugombea bila kudhaminiwa na chama. Akajibu, "Baba, mjomba. Na ng'ombe walishapelekwa."

Nikauliza ng'ombe wamepelekwa kwa nani.

Akasema, "Kwa wazee wa upande wa pili."

Wafuasi wangu, jiwekeni katika nafasi yangu kwa dakika moja tu. Mgombea aliyehamia kutoka chama kingine, asiye na kipato kinachoeleweka, anakiri mbele ya wajumbe kwamba baba yake amewapelekea ng'ombe wapinzani wetu, na wajumbe wanatikisa vichwa kwa kuridhika kana kwamba ni jambo la heshima! Nilishika kichwa. Nikasema kwamba katika miaka yangu yote ya siasa sijaona uozo wa namna hii. Nikasema mtu aliyehama kwa wale wa Kizota, na huku tena ataondoka, na akiondoka ataondoka na kadi zetu. Nikasema demokrasia haitaki jina moja, inataka ushindani. Na hapa ndipo nilipotamka sentensi ambayo mwenezi ameigeuza kuwa mlio wa simu yake: "Kwa hiyo nauliza, je, hakuna kijana mwingine hapa, mwenye kipato chake, aliye tayari kuichukua nafasi hii tumpigie kura ya siri sasa hivi?"

Mdogo wake alinyoosha mkono.

Nitakiri kwamba nilianza kuandika jina lake. Nilikuwa nimefika herufi ya tatu pale msichana mmoja aliyekaa upande wa wageni, ambaye hakuwa amesema neno tangu nifike, aliposimama akatetemeka midomo na kusema, "Mwenyekiti, mimi nilitumwa kuleta salamu tu. Sasa dada yangu nikamwambie nini?"

Nikauliza dada yake anaingiaje katika uteuzi huu.

Bibi wa khanga akanitazama, kisha akamtazama mwenyekiti, kisha akanirudia mimi na kuniuliza kwa upole ambao sitausahau: "Mwanangu, mama yake huyu bwana harusi, wewe ni kaka yake wa kuzaliwa na nani?"

Bwana harusi. Neno lilinifikia kwa mafungu, kwanza *bwana*, kisha baada ya muda mrefu, *harusi*. Nikatazama juu ya meza kuu, nikaona kwa mara ya kwanza lile rundo la kadi za mchango zenye njiwa wawili. Palepale, juu ya ukuta wa makuti, kikachomoza kichwa cha katibu mwenezi, ambaye kwa kukiri kwake mwenyewe alikuwa amesimama juu ya kreti upande wa pili kwa dakika kumi nzima akisikiliza, akasema, "Mheshimiwa, ukimaliza kumwengua bwana harusi, huku tunakusubiri wewe tu. Akidi imepungua mtu mmoja."

Yaliyobaki ni machache. Mama wa kijana ni Mluguru, na mjomba wake wa Morogoro alikuwa anasubiriwa kwa hamu kwa sababu kwetu ukoo ni wa upande wa mama na neno la mjomba halipingwi, jambo ambalo mimi, Mluguru, nilipaswa kulijua kuliko yeyote pale uwanjani. Niliomba radhi kwa kila kiti. Niliahidi shilingi 50,000 na nikazitoa hapo hapo kabla hazijaandikwa. Mjomba halisi aliteremka jioni ile kwenye treni ya mwendokasi, akasimuliwa, na akasema swali la kipato libaki kwenye muhtasari. Kikao chetu kiliahirishwa hadi Jumatatu, kikafanyika, jina likapita bila kupingwa, na mimi nilisimamia bila kufungua mdomo. Msichana wa salamu tumeyamaliza kwa soda mbili na keki.

Kuhusu madai kwamba nilimfukuza bwana harusi kwenye harusi yake, hayo ni ya mwenezi, na ninyi mnaoniandikia "shikamoo mjomba" huku nyote mkiwa na umri wa kunizidi, nimewaona. Ndoa iko palepale, Jumamosi ya tarehe 30 Novemba, siku tatu baada ya uchaguzi, na kamati imeniingiza katika kundi lao la WhatsApp, ambako mama wa chakula akituma chochote kuhusu mbuzi huanza kwa kuandika "kwa idhini ya TAKUKURU".

Jana usiku, saa sita kasoro, bwana harusi alinitumia picha ya leseni yake ya biashara, pande zote mbili, bila salamu. Nimemjibu kwamba imepokelewa.