Hata Hili Katuni Ilishalionyesha

Mtaani kwetu siku hizi habari mpya zimeisha. Mfalme afariki Ulaya, meli ikwame baharini, tajiri agombee urais, lazima atokee kijana ainue simu juu na kutangaza: "Hili Simpsons walishalionyesha!" Basi, kesi imefungwa. Hakuna anayeuliza nani kafa, lini wala kwa nini. Wote wanakodolea kioo cha simu kutazama The Simpsons, katuni ya TV ya Marekani ya watu wa manjano wenye vidole vinne, halafu wanaguna kwa heshima.

Mimi ni fundi wa TV, Tandika. Benchi langu la wateja limegeuka studio ya wachambuzi, na kazi yangu haitaki makelele. TV ya chogo ukiifungua mgongo, hata kama umeichomoa ukutani, ile waya nene inayoingia kwenye kioo bado ina umeme wa kukurusha mpaka kwa jirani. Sasa umeshika bisibisi, umebana pumzi, mtu anakufokea sikioni eti katuni ilijua Trump atakuwa rais. Siku nikifa kwa hilo, watasema na kifo changu kilichorwa.

Mchambuzi mkuu ni mtoto wa dada yangu. Shule kamaliza, kazi anatafuta, bando sijui analitoa wapi. "Anko, hebu ona hii." Picha mbili zimebandikwa pamoja: Trump wa kweli anashuka ngazi ya umeme, Trump wa katuni anashuka ngazi ya umeme, mabango yale yale, mkono umeinuliwa vile vile. "Walichora mwaka 2000, anko! Miaka kumi na tano kabla!"

Benchi zima likasema duh.

Sasa mie mtu akinidanganya nikiwa nimefungua TV ya watu, hasira haziishi haraka. Usiku nikakaa na simu, nikamfuatilia huyo nabii wao mpaka macho yakawasha. Kumbe Trump alishuka ile ngazi Juni 2015, siku anatangaza kugombea, na kile kipande cha katuni kimetoka Julai, mwaka huo huo wa 2015. Yaani wamemwona mtu kashuka, wakamchora kashuka. Huo nao utabiri? Basi na mimi natabiri kwamba jana mvua ilinyesha. Leteni sadaka.

Kilichotoka Machi 2000 ni kipindi kingine kabisa. Lisa, yule binti mwenye akili, amekuwa rais, analalamika kwamba Rais Trump kamwachia hazina tupu. Sentensi moja tu, ikapita. Na Trump mwenyewe wakati ule hakuwa amejificha pangoni: alikuwa anaunyemelea urais kupitia chama cha Reform, akajitoa Februari. Aliyekiandika kipindi, Dan Greaney, baadaye alieleza kwamba walikuwa wanaionya Marekani. Alionya kwa utani, watu wakacheka, wakabadilisha chaneli.

Asubuhi nikawamwagia yote hayo benchini. Unadhani wamekubali? "Na corona je, fundi?" Nikawaambia corona ni hivi: mwaka 1993 walitoa kipindi cha homa ya Osaka, mfanyakazi mgonjwa kule Japani anakohoa ndani ya maboksi ya mashine za juisi, maboksi yanafika Marekani na homa yake ndani. Walikuwa wanachekesha habari za mafua tu. Ile picha ya mtangazaji mwenye maneno ya corona pembeni, maneno yamepachikwa na mtu kama huyu mpwa wangu, asiye na kazi.

"Na Disney kuinunua studio ya filamu ya Fox?"

Hapo nilijifanya natafuta risasi ya kuchomea. Maana kweli, mwaka 1998 walionyesha bango la studio ya Fox, chini limeandikwa ni tawi la Disney, na mwaka 2019 Disney wakainunua. Hilo nawapa. Lakini jamani, kibonzo kimeanza Desemba 1989, vipindi vimepita 750, chumba kizima cha waandishi kazi yao ni kusoma magazeti na kuyacheka. Ukirusha mawe mwembeni miaka yote hiyo, hata ukiwa umefumba macho embe litakuangukia.

Mwenye katuni yake anaitwa Matt Groening, mtu wa Portland, Oregon. Hawa wamanjano aliwabuni akiwa anasubiri kwenye ukumbi wa ofisi ya mtayarishaji James L. Brooks. Alikuwa ameitwa auze katuni yake ya magazetini ya sungura, akaona akiwapa ile haki zinaondoka, akachora familia nyingine pale pale. Majina? Akachukua ya kwao. Baba yake mzazi Homer, mama yake Marge, dada zake Lisa na Maggie. Hebu fikiria. Kwetu ukimpa mtoto jina la babu unachinja kuku. Huyu kachukua jina la baba yake akampa zee lenye upara, tumbo mbele, linalala zamu kwenye mtambo wa nyuklia. Mwanangu akinifanyia hivyo nitamtafutia shehe. Ila baba wa watu alikuwa mchoraji na mtengeneza filamu, nadhani alielewa.

Na sikatai, jamaa ana kichwa. Mwaka 1992 Rais Bush, yule mzee, alisimama akasema anataka familia za Marekani zifanane zaidi na akina Walton kuliko akina Simpson. Akina Walton ni tamthilia ya familia ya heshima ya enzi za mdororo wa uchumi, miaka ya 1930. Rais wa nchi yenye mabomu ya nyuklia anagombana na mtoto wa kuchora! Hazijapita siku nyingi, Bart, yule kaka mtundu wa Lisa, akamjibu kwenye TV: sisi mbona ni kama akina Walton tu, na sisi tunaomba mdororo uishe. Mimi hapo nilicheka peke yangu kitandani, mama watoto akaniuliza naongea na nani usiku wote.

Na sisi tulikuwa na ya kwetu. Tulisoma Sani, gazeti letu la vibonzo, tukawa na Ndumilakuwili, tukawa na Pimbi na Lodilofa. Kila ujinga wa mjini ulikuwemo mle, utapeli, umbea, ulevi, mwanamume kukimbia madeni. Ukimaliza kusoma unamwona jirani yako mzima mzima. Lakini hakuna aliyeinua gazeti juu akasema Pimbi katabiri. Tulijua amechorwa jirani, basi.

Kinachonikera hasa ni hiki. Mle ndani ya Simpsons yumo mtangazaji wa habari, Kent Brockman, nywele zimekaa vizuri, sauti nzito. Kwenye kipindi kimoja cha 1994 Homer anapelekwa angani, anavunja chombo cha kufugia sisimizi, sisimizi mmoja anapita mbele kabisa ya kamera. Kwa kuwa yuko karibu, anaonekana mkubwa kuliko watu. Brockman anaona picha hiyo moja, haulizi, hapigi simu kokote, anatangazia taifa kwamba chombo cha angani kimetekwa na sisimizi majitu, na muda si mrefu watafika duniani. Halafu anajikomba kwao hewani: anawakaribisha mabwana wapya, anawakumbusha kwamba yeye ni mtu anayeaminika kwenye TV, anaweza kuwasaidia kukusanya binadamu wakafanye kazi kwenye mapango ya sukari.

Nikamwonyesha mpwa wangu. Nikamwambia, unamwona huyu? Huyu ni wewe. Picha moja, hukuuliza, umeshatangaza. Katuni yote imetengenezwa kumcheka mtu anayemeza kila kinachopita kwenye kioo, na nyinyi mmeichukua mkaifanya msahafu.

Akanijibu: "Umeona, anko? Hata mimi walishanitabiri."

Nikabaki na silaha moja. Nikawauliza: mbona hamtumi kile kipindi cha Tanzania? Wakatazamana. Kipo, kimerushwa tarehe 1 Aprili 2001, Siku ya Wajinga. Homer anashinda safari ya Afrika kwenye boksi la zamani la biskuti, anakuja kwetu na familia. Ndege haijatua, mhudumu anatangaza kwamba nchi sasa inaitwa Zanzibar Mpya. Muda kidogo anarudi: samahani abiria, sasa inaitwa Pepsi Inawaletea Zanzibar Mpya. Wanafika Ngorongoro, Homer anakimbizwa na kiboko, wanakutana na mama mtafiti anayewachimbisha sokwe almasi. Nikawaambia, almasi tunazo, Mwadui ipo, lakini nani kati yenu ana shemeji sokwe aliyeajiriwa mgodini? Nabii wenu alipofika kwetu kapotea njia. Nikarudi kwenye chogo langu nimeshinda.

Kimya kilidumu mpaka mpwa akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Anko, duka la Mangi lina rangi gani?"

Duka la Mangi limepakwa rangi ya soda kuanzia msingi hadi bati. Juu kuna chupa kubwa kuliko mlango, jina la Mangi limebanwa chini kwenye kona. La pili yake limevaa mtandao wa simu. Genge la mama ntilie lina mwavuli wa bia. Hata kiti alichokalia mpwa, mgongoni kimeandikwa.

"Hayo ni matangazo!" nikasema. "Tangazo siyo kubadilisha jina la nchi!" Nikapandisha sauti, nikanyoosha bisibisi, nikaeleza sheria, Katiba na Bunge. Sikujua ananirekodi. Jioni video ilikuwa imefika kundi la ukoo, imekatwa pale ninapotaja Zanzibar Mpya, juu imeandikwa FUNDI WA TANDIKA ATHIBITISHA. Shemeji yangu wa Muscat kapiga saa tano usiku anauliza, je, pasipoti zitabadilishwa bure au tutalipia?