Posa yangu na punda wa dobi

Mshenga wangu keshatangaza mtaa mzima kwamba nililia siku ya posa, kwa hiyo na mimi niseme yangu. Sikulia. Ule ulikuwa moshi.

Tena hadithi niliyosimulia siku hiyo si yangu. Kisa cha punda wa dobi kikisimuliwa Unguja kabla babu yangu hajazaliwa, na mmisionari Edward Steere alikichapisha 1870. Mwenye lawama amtafute yeye.

Tulikuwa Ng'ambo, mjini Unguja, kwa habari ya posa. (Najua, mposaji hukaa kwao. Mzee mwenyewe, baba wa binti, alitaka kuniona.) Umeme ukakatika, watoto wakanizunguka mkekani, nami kwa kutaka kuonekana mkwe mwema nikaita: "Paukwa!"

"Pakawa!"

Simba mgonjwa, njaa inamuuma, anamtuma Sungura amletee nyama. Sungura akamwendea punda wa dobi: "Nimetumwa kuja kukuposa." Punda akaona bahati hiyo. Kufika, Simba akamrukia, naye akatoka mbio. Sungura akamfuata: "Usiogope, ndiyo mazungumzo yake." Punda akarudi. Akaliwa.

Jamani, mzee ni dobi. Nilijua. Kanzu niliyovaa kaifua yeye. Msiniulize akili zilikuwa wapi.

Alikuwa hatua chache kutoka pale, anapiga pasi ya mkaa kwa mwanga wa kandili. Nami nimefika pale Sungura keshakula moyo na masikio kwa siri, Simba anaviulizia. Nikabana pua: "Punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudi?" Watoto hoi! Ndipo kale kadogo kakauliza: "Dobi mwenyewe ni babu?"

Pasi ikasimama.

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kakaendelea, polepole, kanakunja vidole: "Basi punda aliyeposwa… ni shangazi?"

Nyuma ya pazia bangili zikalia, zikanyamaza. Mzee ananitazama mimi. Mimi naitazama pasi, maana chini yake kanzu ya mteja imeanza kufuka, na nani athubutu kumwambia? Namgeukia mshenga aniokoe. Anatafuna sambusa. Akameza bila haraka, akawaambia watoto: "Na Sungura ndiye mimi!"

Kanzu ya watu nimeilipa. Sambusa sikuonja hata moja.

Leo mshenga kapiga simu, mzee anatuita tena Ijumaa. Nikamuuliza kama hasira zimemwisha.

"Usiogope," anasema, "ndiyo mazungumzo yake."